Naomba ushauri: Debian 12 kwenye seva yenye IPv6 tu

Wakuu, habari za jioni. Nimekodi seva ndogo isiyo na IPv4 kabisa (zile anwani za intaneti za mtindo wa zamani), ina IPv6 mpya tu, kisa bei yake nafuu, nikaweka Debian 12, mfumo endeshi wa Linux. Nilidhani Debian ndiyo itanisumbua, kumbe wapi! Kerneli ya Linux inaijua IPv6 tangu miaka ya 1990; apt inashusha vifurushi vya programu bila kelele, ssh ya kuingilia kwa mbali inaingia, ping -6 ya kupima mtandao inajibu.

Kasheshe ni git clone, amri ya kunakili msimbo wa programu kutoka mtandaoni. Programu ninayoitaka iko kwenye tovuti ambayo kwenye DNS (orodha ya majina na anwani za mtandao) ina rekodi ya A pekee, yaani anwani ya IPv4, haina AAAA ya IPv6, basi seva inaniambia mtandao haufikiki. Jana nimekesha nikipekua /etc/resolv.conf, faili la mipangilio ya DNS, kama mchawi.

Nimesoma kuhusu NAT64 na DNS64, ule ujanja wa kuficha anwani ya IPv4 ndani ya anwani ya IPv6, mfano chini ya 64:ff9b::/96. Je, nitumie huduma ya bure ya watu nisiowajua, trafiki yangu ya IPv4 ipite kwao, au nilipie tu IPv4? Kulipia sitaki, nisiwafiche.

Halafu ufw, ukuta wa moto wa seva: nikiacha IPV6=yes inatosha?