Taa ya kuprinti imeota madoa meusi wiki ya tatu tu, nakosea wapi?

Freemu_Mwanga: Wakuu, naprinti fulana hapa Mwanga, Kigoma. Kuna mama anakaanga migebuka jioni akaniomba kibao kinachowaka, nikaona nisimuwekee LED, nijaribu ile taa inayoprintiwa kwa freemu kama fulana. Nikachukua plastiki ya ITO, ile inayopitisha mwanga na umeme, nikaprinti unga wa zinki salfaidi wenye shaba, juu yake bariamu titaneti mkono mmoja, yaani tabaka moja, mwisho wino wa fedha. Inveta inatoa volti 100 AC toka betri ya 12. Siku ya kwanza samaki aliwaka kijani mpaka magamba unayahesabu, watu wakasimama, nilifurahi jamani. Sasa mkiani kuna madoa meusi yanatambaa kuingia ndani, na jichoni ilipiga cheche pa! pakabaki kitobo cha sindano kimeungua. Mama keshalipa nusu, namuonea aibu. Ni unga au ni mimi?

Fundi_Isevya: Pole mkuu, huku Tabora nimecheza nazo sana. Hayo ni magonjwa mawili, usiyachanganye. Jichoni ni bariamu titaneti. Taa hii ni kapasita, yaani sahani mbili za umeme zenye kizuizi katikati, huo wino mweupe wa bariamu ndo unazuia umeme usiruke toka kwenye fedha kwenda ITO, sasa ukipiga mkono mmoja kiputo kimoja cha hewa kinatosha kukuharibia. Piga miwili, wa kwanza ukauke kabisa kwenye joto ndo upige wa pili. Na usishike nyuma ikiwa imewashwa, volti 100 inaua.

Mwl_Kemia: Mkiani ni unyevu. Zinki salfaidi ikikutana na maji huku umeme unapita inaoza, zinki inabaki tupu, ndo weusi unaouona. Mwanasayansi Mfaransa Destriau alipouona mwanga huu Paris mwaka 1936 unga wake ulikuwa ndani ya mafuta ya mbarika, siku hizi punje zinavikwa koti jembamba la alumina. Wako una koti? Na plastiki ulikata wapi?

Freemu_Mwanga: Hauna koti mwalimu, bei ndo ilinivuta. Nimekata sawasawa na mkia, tena nilikausha siku ya mvua mlango wazi, upepo wa ziwa unaingia.

Mwl_Kemia: Basi umeshajijibu kaka. Nunua wenye koti, kausha vizuri kila mkono, kisha ifunge kwa plastiki nyingine mbele na nyuma ipite wino pande zote, zishikane zenyewe kwa zenyewe. Unga usifike ukingoni hata kidogo, maji yanaingilia pale pale kisu kilipopita.

Dada_Saini: Naongezea, inveta yako inazungusha mara ngapi kwa sekunde? Mimi nilipandisha toka 400 hadi 2000 ili ing'ae, iking'aa kweli, kijani ikavutia bluu, lakini ilichoka upesi sana nikarudi chini. Na mwambie mama mapema kwamba mchana haitaonekana, hii ni taa ya gizani. Akitaka samaki wa njano ya machungwa, kuna unga ulioongezwa manganizi pamoja na shaba.

Freemu_Mwanga: Asanteni sana, kumbe 1200 ndo niliyoweka, nashusha. Mama nimemwomba anivumilie unga mwingine ufike, kasema sawa ila anataka kijani ile ile. ITO mpya nimeshaikata, nimeacha ukingo wa kidole kizima kuzunguka mkia.