Sherehe ya ukoo ufukweni Mtwara: tarehe 26 Desemba au baada ya mwaka mpya?

Katibu wa Ukoo, Mtwara Mjini

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu mapema, kabla sijalipia chochote. Ukoo wetu hukutana ufukweni kila baada ya miaka michache katika msimu huu wa Krismasi na mwaka mpya, ndugu wa Dar es Salaam na Dodoma wakiwa wamerudi nyumbani, na mwaka huu wa 2026 kazi ya kupanga nimekabidhiwa mimi. Tutakuwa watu kama 60, kuanzia mtoto wa miezi mitano hadi bibi yetu ambaye hatembei bila mkongojo. Upande wa baba ni Wakatoliki wa Ndanda, upande wa mama ni Waislamu wa Mikindani, na jambo ambalo hatujawahi kulikosea ni kula pamoja.

Tulilolikosea ni bahari. Tarehe 26 Desemba 2023 tulivuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, tukafika saa nne asubuhi na kukuta mchanga umetandazika mweupe hadi mbali, mgumu na wa sawa kama sakafu. Mafundi wa mahema wakasimika nguzo huko huko nje, na wapishi wakapanga mafiga karibu nao. Ilipofika saa nane, maji yalikuwa yanalamba miguu ya viti vya mbele, na muda mfupi baadaye yakazima moto chini ya sufuria ya pili ya pilau, wali ukiwa haujakauka. Bibi alibebwa juu ya kiti chake cha plastiki na vijana wawili, akiwa amekumbatia pochi yake kifuani, na hadi leo hataki kusikia habari ya ufukwe.

Wengine wananiambia kwamba ilikuwa bahati mbaya tu, kwa kuwa tarehe hiyo hiyo mwaka 2021 tulikuwa katika ufukwe ule ule tangu saa nne mpaka jua linazama, na maji hayakutusogelea hata kidogo. Naomba wanaoijua bahari wanieleze ni siku gani na saa ngapi zinafaa, na wanaojua kulisha watu wengi katika joto la Desemba wanisaidie kwa upande wa chakula.

Mvuvi Mstaafu, Mikindani

Mwanangu, poleni kwa yaliyowakuta, na umpe bibi pole yangu ya pekee. Ile haikuwa bahati mbaya. Sisi tuliokulia kwenye ngalawa hatuanzi kwa kuangalia kalenda ya ukutani. Tunauliza kwanza mwezi ni wa ngapi, yaani ni siku ya ngapi tangu uandame.

Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji katika mstari mmoja, na siku hizo pamoja na mbili au tatu zinazofuata ndizo bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa juu sana, na katika pwani yetu tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, yaani wa saba au wa nane, na tena wa ishirini na mbili au tatu, mivuto hiyo hupingana na tunapata maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu. Saa nazo zina utaratibu wake. Kwetu huku bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, mpaka mzunguko urudi ulikoanzia.

Sasa tazama miaka yako miwili. Tarehe 26 Desemba 2021 mwezi ulikuwa umebaki nusu, kwa hiyo mlipofika saa nne mliyakuta maji yamekwisha kujaa, mkaweka mahema nyuma ya ukingo wake, na kutoka hapo yalikuwa yanashuka. Bahari iliwaonyesha mpaka wake tangu mlipofika. Tarehe 26 Desemba 2023 mwezi ulikuwa mpevu, na usiku wa siku ile mbalamwezi ilikuwa kamili. Mlifika saa nne maji yakiwa yamepwa hadi mwisho, mkajenga juu ya sakafu ya bahari yenyewe, na saa kumi mwenye nyumba akarudi kwake. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Krismasi haiwezi kukuta maji yale yale kila mwaka, na mtu anayepanga kwa kukumbuka mwaka uliopita atakosea hata akiwa mwangalifu kiasi gani.

Mwaka huu mwezi utakuwa mpevu tarehe 24 Desemba, tena ukiwa karibu na dunia kuliko kawaida yake, na hilo huongeza nguvu ya bamvua. Tarehe 26 maji yatapwa karibu saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi na moja jioni. Mkienda siku hiyo kwa mpango wa 2023, mtayaona yale yale au zaidi.

Ushauri wangu ni kwamba msogeze sherehe hadi Jumamosi tarehe 2 Januari 2027. Mwezi utakuwa umepita nusu kwa siku mbili hivi, na maji yatakuwa bado mafu. Yatajaa kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, kwa hiyo mtakapokuwa mnasimika mahema mtakuwa mnauona mpaka kwa macho yenu, na mchana kutwa yatakuwa yanarudi nyuma polepole. Ipo sababu nyingine iliyonifanya nitaje Jumamosi: mwaka huu Krismasi na mwaka mpya zote zinaangukia Ijumaa. Ukiwaalika ndugu wa Mikindani ufukweni siku ya Ijumaa, wanaume watakukatikia katikati ya shughuli ili wawahi sala, au watabaki mioyo ikiwa msikitini. Saa halisi utazipata katika jedwali la maji linalotolewa na mamlaka ya bandari. Mimi nimekupa hesabu ya mvuvi, ambayo inaweza kupishana na jedwali kwa nusu saa hivi.

Dada wa Lindi

Shikamoo mzee. Elimu hii nimeisoma mara mbili na nitaihifadhi. Hata hivyo, naomba kutofautiana kidogo kuhusu tarehe, kwa sababu najua jinsi ndugu waajiriwa wanavyoondoka. Walio wengi huomba likizo ya siku chache, na baada ya tarehe 27 huanza kugombania tiketi za basi za kurudi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Ukisubiri mpaka tarehe 2 Januari, utabaki na sisi tunaoishi huku, na lengo la kukutana litakuwa limepotea.

Bamvua si adui wa sherehe mtu akiamka mapema. Sisi Lindi huvuka kwenda Kitunda asubuhi, saa mbili tunakuwa tumetua, na watoto hucheza wakati maji yanapwa, kwa sababu hubaki vidimbwi vya maji ya vuguvugu yanayofika magotini, na hata mtoto asiyejua kuogelea hufurahi. Chakula kinaliwa saa saba, juu kabisa chini ya mivinje, na saa tisa tunakuwa tumekwisha kufungasha. Mahali pa kukaa hatupabahatishi: tunatafuta mstari wa mwani mkavu. Mara nyingi utaona mistari miwili, mmoja mbichi kidogo wa maji ya jana na mwingine juu zaidi, mwepesi, uliopauka, wenye vijiti na vifuu vya nazi. Ule wa juu ndio wa bamvua, na hema letu hukaa nyuma yake kwa hatua kumi nzima.

Kuhusu watoto, nasema kwa uchungu kwa kuwa nimewahi kumtoa mtoto wa jirani majini akiwa amekwisha kulegea. Hatari haiko wakati maji yamekauka. Iko pale yanapogeuka, kwa sababu hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma ya watoto, huku mbele yao mchanga ukiwa bado unaonekana mkavu. Wateuliwe watu wazima wawili kwa zamu za nusu saa, wasiokula, wasiopiga picha na wasioshika simu, kazi yao iwe kuhesabu vichwa tu.

Mvuvi Mstaafu, Mikindani

Dada yangu wa Lindi, marahaba. Habari ya mifereji ni kweli tupu, na nashukuru umeisema wewe kwa sababu mimi niliisahau. Mpango wako wa asubuhi unafaa kwa familia ya watu kumi wanaoamka pamoja. Kwa watu 60, wenye bibi na mtoto mchanga, wanaosubiri kivuko siku ambayo mji mzima unataka kuvuka, sidhani kama saa mbili itawezekana. Watafika saa nne, yaani saa ile ile iliyowaponza.

Na kabla hajatokea mtu wa kupendekeza ufukwe wa Msimbati, niseme kwamba ni pazuri mno, lakini maji ya kule huwa na kina kirefu karibu sana na mchanga, na eneo lenyewe limo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio cha kulipia. Kwa kundi lenye watoto wengi mimi ningekaa Msangamkuu.

Pia kaskazi itakuwa imeshika. Upepo huo hutoka kaskazini mashariki, hivyo jiko likae upande wa kusini magharibi wa hema, moshi uende zake bila kupita machoni pa wageni.

Mama Mpishi, Majengo

Habari zenu wote. Mimi napika kwenye shughuli za watu, za Kikristo na za Kiislamu, na nitajibu la chakula peke yake.

Mbuzi achinjwe na Mwislamu, nyumbani, alfajiri ya siku yenyewe, na ndugu wa Mikindani waambiwe nani amechinja, tena waambiwe mapema, kabla hawajaanza kuulizana kwa macho. Sufuria zitoke kwenye nyumba moja inayojulikana. Kama upande wa Ndanda watapenda kuwa na kitimoto au vinywaji vyao, wavitumie siku ya Krismasi nyumbani kwao, siku ya ukoo iwe ya chakula ambacho kila mkono unaweza kukishika. Nimeona sherehe kubwa ikigawanyika meza mbili kwa sababu ya sufuria moja isiyojulikana ilikotoka, na haikuungana tena hadi watu wakarudi makwao.

Joto la Desemba halina huruma kwa chakula kilichopikwa. Pilau iliyopikwa saa kumi na mbili asubuhi nyumbani na kufunikwa kwenye ndoo ya plastiki, saa saba mchana huwa imeanza kutoa jasho na harufu. Pikeni pale pale ufukweni, au ipelekeni ikiwa bado kwenye sufuria yake, yenye makaa juu ya mfuniko. Kachumbari isikatwe mpaka watu wameketi. Mchuzi wa nazi usilale wala kusafiri. Nazi ikunwe huko huko, na wapo wasichana wengi wa kuikuna. Barafu inunuliwe ya maji tu, mara mbili ya unavyofikiri. Maembe ndiyo msimu wake, hayahitaji jiko na watoto wanayamaliza.

Sasa pweza. Hapa ndipo bamvua aliyoieleza mzee inapokuwa baraka. Maji yanapopwa sana miamba hubaki wazi, kina mama huingia na fimbo zao kuchokoa pweza, na sokoni huwa wengi. Maji yakiwa mafu, pweza huadimika na bei hupanda. Kwa hiyo hata kama mtakula tarehe 2, nunueni kati ya tarehe 24 na 27, muwasafishe na kuwagandisha kwenye friji. Kugandishwa kunamlainisha pweza bila kumpiga kwenye jiwe. Siku ya kupika mwache ajitoe maji yake mwenyewe kwenye moto mdogo, bila chumvi, mpaka mkia wa uma upenye, ndipo mtie nazi. Korosho zilizotwangwa zikiingia dakika za mwisho, tui linakuwa zito na watu watanyamaza wakila.

Jambo la mwisho ni michango. Ndugu wa vijijini msiwadai sasa. Wengi wao wanasubiri malipo ya minada ya korosho kupitia vyama vyao vya msingi, na anayeombwa kabla hajalipwa huona aibu na huacha kuja kabisa. Mwambieni alete embe, nazi au kuni, na iandikwe kwenye daftari kama mchango kamili.

Katibu wa Ukoo, Mtwara Mjini

Shikamoo mzee wangu, shikamoo mama, na dada wa Lindi asante sana. Jana nilikaa na mama zangu wadogo, nikawasomea yote mliyoandika, na tumekubaliana hivi. Sherehe ya ukoo itakuwa Jumamosi tarehe 2 Januari 2027, Msangamkuu, mahema yakisimikwa asubuhi maji yakiwa yamejaa. Nimewapigia simu ndugu wote wa mbali. Familia tano zitabaki hadi tarehe 3 na zimekwisha kukata tiketi. Familia moja ya Dodoma haiwezi, kwa kuwa baba yao anaingia kazini tarehe 28.

Hao nisingependa waondoke bila bahari, kwa hiyo tarehe 26 tutakwenda nao ufukwe wa Shangani, hapa hapa mjini, saa tatu asubuhi, watu kumi na wawili tu, tukiwa na viatu vya raba miguuni, kufuata maji yanavyopwa na kununua pweza kwa kina mama pale pale wanapotoka nao. Saa sita tutakuwa nyumbani, na pweza hao ndio watakaoingia kwenye friji kusubiri tarehe 2. Zamu za kuhesabu watoto nimekwisha kuziandika, na wa kwanza kujitolea ni shemeji yangu ambaye mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa waliombeba bibi.

Bibi mwenyewe alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mzee wa Mikindani ana hakika. Nimemwahidi kwamba tarehe 25 Novemba, siku moja baada ya mwezi kuwa mpevu, nitavuka kwenda Msangamkuu, nisimame pale mpaka saa kumi na moja jioni, na nichomeke kijiti mahali maji yatakapoishia. Amesema nimpigie picha ya hicho kijiti kwanza, ndipo atatoa jibu lake.