Wateja na wasafishaji wanakwepa jukwaa baada ya kazi ya kwanza. Tuzibe vipi?

Mizani: Wakuu, jukwaa letu la mtandaoni linakutanisha wasafishaji wa nyumba na wateja kwa kamisheni ya 20%. Kazi ya kwanza inapita humo, ya pili wameshapeana namba. Kuficha namba kumesaidia kidogo tu. Dawa ni nini?

Nanga: Piga hesabu wanayoipiga wao. Mteja analipa 1,000, msafishaji anabaki na 800. Wakielewana 900 pembeni, kila mmoja kafaidi 100. Ulichowauzia ni kujuana na kuaminiana, na hivyo tayari wanavyo. Teksi haivuji hivi kwa sababu abiria anataka gari lililo karibu sasa hivi, dereva awe yeyote. Usafi, masomo ya ziada na ulezi wa watoto ndiko kunakovuja. Shusha kamisheni kwa wanaorudiana: tuseme 20% kazi ya kwanza, 10% hadi ya tano, kisha 5%. Hapo faida ya kukwepa ni 25 kwa kila mmoja, na wengi hawatahangaika.

Duara: Punguzo peke yake halitoshi, wape kisichopatikana pembeni. Mteja alipe kabla, jukwaa lishike fedha na kuziachia saa 24 baada ya kazi kama hakuna malalamiko. Weka bima ya vitu vinavyovunjika. Maoni nayo yafichwe hadi wote wawili waandike au siku 14 zipite, kama wafanyavyo Airbnb, jukwaa la kupangisha malazi. La sivyo watu huogopa kulipiziwa, kila mtu anapewa nyota tano na nyota zinakosa maana. Kulipiziana huko ndiko kulikoifanya eBay, soko la mtandaoni, mwaka 2008 iwazuie wauzaji kuwapa wanunuzi alama mbaya.

Kitasa: Mizani, hilo la kuficha namba liangalie sana, lisije likakufanya uhesabiwe mwajiri. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Miongoni mwa sababu: kampuni ilipanga nauli, iliwabana waliokataa safari, na ilizuia mawasiliano ya dereva na abiria. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2024: zikionekana dalili za udhibiti, jukwaa ndilo lithibitishe kwamba hakuna ajira. Nchi wanachama zina hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuitekeleza. Mwache msafishaji apange bei yake, na anayekataa kazi asishushwe kwenye orodha.

Mizani: Na kamisheni ikatwe upande gani?

Nanga: Iongeze juu ya bei ya msafishaji, mteja aione kabla ya kulipa. Ikikatwa kimyakimya kwenye ujira, msafishaji ndiye wa kwanza kutoa namba.