Saratani ya titi: ni mambo gani yanayoamua kupona?

Binti wa Kisauni: Assalamu aleikum. Mama amegunduliwa saratani ya titi, hatua ya pili. Ni mambo gani yanayoongeza uwezekano wa kupona?

Muuguzi, Likoni: Waaleikum salaam, mwanangu. Hatua ina uzito mkubwa, kwani uvimbe usiosambaa mapafuni, inini au mifupani hutibika zaidi. Lakini ulizia pia kama seli za uvimbe zina vipokezi vya homoni (sehemu zinazopokea homoni) na HER2 (protini inayochochea seli kukua), maana ndivyo vinavyoelekeza dawa. Wengi wenye vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, hunywa tamoksifeni, dawa inayozuia homoni hiyo, kwa miaka 5 au zaidi, na kuiacha njiani huongeza hatari ya ugonjwa kurudi.

Shangazi wa Majengo: Mimi nilichelewa miezi kadhaa nikitumia mitishamba, na hilo linaniuma hadi leo. Msindikize mama kliniki, mpenzi, asikose matibabu hata mara moja.