Naomba ushauri: je, kuhamia Linux kutatukinga na programu za ujasusi?

Ndugu wanachama, salamu kutoka Bukavu. Katika duka letu la uchapishaji hapa Kadutu, ambamo wateja hufungua barua pepe zao kwenye mashine zilezile, tunatumia Windows 10, mfumo ambao Microsoft iliacha kuupa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenzangu anataka tuhamie Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, akidai kwamba Linux haina programu za ujasusi na kwamba vidakuzi havitatufuata tena. Dai la kwanza limetiwa chumvi, kwani programu hizo zipo hata huko, ingawa ni chache. La pili si kweli, maana kidakuzi ni data ndogo inayohifadhiwa na tovuti ndani ya kivinjari, na Firefox hukipokea vilevile kwenye mfumo wowote.

Ninachohofia zaidi ni kidakuzi cha kuingilia akaunti: kikiibwa, mwizi anaweza kuingia bila kuulizwa nenosiri. Je, inatosha kuiagiza Firefox ifute vidakuzi kila inapofungwa, au ni afadhali kila mteja apewe akaunti ya mgeni inayojifuta? Intaneti ni ghali kwetu, hivyo suluhisho la kupakua mafaili makubwa kila mara litatushinda.