Naomba ushauri: tubaki Des Moines au tuhamie Omaha?

Habari zenu ndugu zangu. Sisi tunaishi Des Moines, Iowa, na dada wa mke wangu yuko Omaha, Nebraska. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, lakini tukikutana tu, ubishi wa mji upi bora unakuwa wa Simba na Yanga. Sasa mkataba wetu wa pango unakaribia kwisha, mke wangu anataka kuwa karibu na dada yake, na utani umekuwa jambo la kuamua.

Shemeji anajivunia ukubwa: sensa ya 2020 iliwapa watu kama 486,000, sisi 214,000. Halafu ana Henry Doorly, bustani ya wanyama ambayo wanangu hawaishi kuitaja. Hapo kweli ananishinda. Mimi namwambia sisi ndio makao makuu ya jimbo, kazi za kampuni za bima zipo nyingi, kila Agosti tuna maonyesho makubwa ya Iowa State Fair, na tangu 2025 kodi ya mapato ya jimbo ni asilimia 3.8 kwa wote.

Mlioishi miji yote miwili, nisaidieni. Pango la vyumba vitatu likoje Omaha? Mke wangu ni muuguzi msaidizi. Cheti cha Iowa kinahamishika kirahisi kwenda Nebraska? Na shule zipi zinawasaidia vizuri watoto ambao Kiingereza bado kinawasumbua? Hili la shule ndilo linaloninyima usingizi.