Mark II GX100 inatetemeka ikifika 70, fundi anataka kushusha gia boksi. Naombeni ushauri

Mtoa mada: Habari wakuu. Gari ni Mark II GX100 ya 1997, injini 1G-FE, oto ya gia nne. Mjini haina shida kabisa, inaondoka vizuri na gia zinaingia bila kugonga, shughuli inaanza nikishapita Kibaha barabara imefunguka. Nikifika kama 70 na mguu umetulia kwenye mafuta basi gari zima linatetemeka kama napita kwenye rasta, usukani, siti, mpaka kile kioo cha kuangalia nyuma sioni kitu. Nikikanyaga mafuta mengi inaacha, nikiachia inaacha, nikirudi mwendo uleule inaanza tena. Fundi wa kwanza alibadilisha mauntingi (raba zinazoshika injini), wa pili akasema tairi nikafanya balansi na alaimenti, hola. Huyu wa sasa kaizungusha mtaa mmoja tu akasema gia boksi imekufa, tuweke used ya Japan. Kuna namna ya kujua kabla sijatoa hela?

Spana Kumi na Nne: Mkuu usishushe kitu kwanza. Gia boksi iliyokufa isingekuondoa vizuri hivyo kwenye foleni. Hiyo mimi naihisi ni lock-up ya tok konveta, kile kidude cha mviringo kati ya injini na gia boksi. Humo ndani oili ndiyo inabeba nguvu ya injini kupeleka gia boksi, na kuna nguvu inapotea njiani, sasa ukishatulia kwenye overdraivu (gia ya juu kabisa) solenoidi, yaani valvu ya umeme, inapeleka oili ikandamize klachi ndogo iliyomo mlemle ndani ya konveta, pande mbili zinazunguka pamoja, ndo maana unaona mshale wa RPM unashuka kidogo bila gia kubadilika. Hiyo klachi au oili ikichoka inashika inaachia inashika inaachia, ndiyo mtetemo wenyewe.

Fanya hivi: tafuta barabara tupu, nyuma hakuna mtu, ikianza kutetemeka usiachie mafuta, mguu wa kushoto gusa breki kidogo sana, taa za breki ziwake tu gari isipungue mwendo. Taa zikiwaka lock-up inaachia. Mtetemo ukikatika hapohapo na RPM ikapanda kidogo, mshukiwa ni konveta na oili yake. Usipokatika tafuta kwenye tairi, propela shafti na join zake.

Dada wa Chalinze: Naongezea hapo, kuna kitu kinadanganya sana. Plagi ikichoka au waya wa plagi unavujisha moto, injini inamisi (silinda inaruka bila kuwaka), na unaisikia zaidi wakati lock-up imeshika kwa sababu injini inavuta mzigo kwa RPM ndogo. Yaani hata ukigusa breki inaweza kupoa ukadhani ni konveta. Kwa hiyo angalia plagi, waya zake na kofia ya distribyuta (inayogawa moto kwa plagi) kabla hujaita konveta mbovu, hizo ni hela ndogo.

Mzee wa Gerezani: Kijana, hiyo oili ya gia boksi umeiangalia? Injini iwe ya moto, inaunguruma, kanyaga breki pitisha gia zote urudi P, ndiyo uvute stiki yake ya kupimia na usome kwenye HOT. Dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Nyekundu safi nzuri, kahawia imechoka, nyeusi yenye harufu ya kuungua hapo kuna klachi zimeliwa. Ikiwa ya pinki kama maziwa, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza oili, na maji yanabandua hizo klachi ndani. Magari mengi yanafia hapo kwa sababu watu wanajaza maji ya bomba badala ya kulanti, rejeta inaoza kwa ndani.

Halafu fungua boneti, kwenye kile kiboksi cha diagnosisi unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi usiwashe injini, O/D (kitufe cha overdraivu) iwe on, hesabu taa ya O/D OFF inavyopepesa. Sita kisha nne, yaani 64, ni umeme wa solenoidi ya lock-up. 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia. Ikipepesa haraka mfululizo hakuna kodi (namba ya kosa). Ila klachi iliyolika haitoi kodi.

Mtoa mada: Mungu awabariki. Nimebadilisha plagi na waya, bado. Nimegusa breki, unakatika palepale, nimerudia njia nzima majibu ni yaleyale. Taa inapepesa haraka tu. Oili ni kahawia iliyokolea ila hainuki.

Spana Kumi na Nne: Basi anza na oili mkuu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye stiki au kitabu cha gari, ya CVT (gia boksi za mkanda) usiiguse. Ukifungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi) inatoka sehemu tu, nyingi inabaki kwenye konveta, kwa hiyo mwaga, jaza, tembea siku kadhaa, rudia mara mbili au tatu. Shusha sampu usafishe filta na uangalie sumaku. Ungaunga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Mtetemo ukipungua endelea nayo.

Mzee wa Gerezani: Na usipopungua, konveta peke yake inabadilishwa bila kununua gia boksi nzima. Kuna watakaokwambia wakate waya wa lock-up. Gari itatembea, ila itakula mafuta na oili itachemka zaidi, ukipanda mlima Kitonga hivyo unaimaliza mwenyewe. Siku ya kufunga simama na fundi. Wasukume oili safi kwenye paipu za kipoza mpaka uchafu uishe, konveta waitie oili kwanza, halafu waiingize huku wanaizungusha mpaka isikike inadumbukia hatua kwa hatua, wapime kwa rula kutoka ukingo wa gia boksi hadi kwenye matundu ya bolti. Ikiwa haijazama yote wakaivuta kwa kukaza bolti, pampu inapasuka siku hiyohiyo.